Salif Keita: Soro, Folon au Moffou? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Tanga_Kwetu ameandika:
Heshima kwenu wanajamvi. Kuna muuzaji wa muziki wa zamani hapa mjini ambaye anafunga biashara yake, na katika vitu vilivyobaki nimekuta kazi tano za Salif Keita wa Mali: Soro ya mwaka 1987, Amen ya 1991, Folon ya 1995, Moffou ya 2002 na La Différence ya 2009. Fedha niliyonayo inatosha kununua mbili tu, naye ameahidi kunihifadhia hadi Ijumaa. Amenisikilizisha kipande kidogo cha kila moja, na ingawa sauti ni ileile, muziki unaoizunguka hubadilika kiasi kwamba nimeshindwa kabisa kuchagua: hapa vinanda vya umeme na matarumbeta, pale gitaa la Carlos Santana, kwingine gitaa kavu na wanawake wakiitikia. Naomba mnilinganishie. Nichukue zipi?

Santuri_Kongwe amejibu:
Ndugu, umetuambia majina na miaka lakini umeacha mambo yote ambayo mshauri anayahitaji. Je, ni santuri au ni sidii? Zina hali gani? Unanunua kwa ajili yako au kwa ajili ya mtu mwingine, na mtu huyo amezoea muziki wa aina gani?

Hata hivyo, kama ingekuwa mimi, nisingeondoka dukani bila Soro. Salif alihamia Ufaransa mwaka 1984 na akakaa Montreuil, mji wenye Wamali wengi kando ya Paris, na kwa miaka kadhaa hakuwa na jina kubwa huko. Kisha mtayarishaji Ibrahima Sylla, Msenegali aliyejua soko la muziki wa Afrika Magharibi kuliko mtu yeyote wa wakati wake, akamkutanisha na wapangaji wawili wa muziki, François Bréant na Jean-Philippe Rykiel, huyo wa pili akiwa mpiga kinanda asiyeona. Nyimbo ni sita tu, lakini kila moja imejengwa kwa sehemu zinazobadilika njiani: unaanza na sauti pweke, ngoma zinaingia, mwendo unageuka, wanawake wanaitikia, matarumbeta yanapanda, na hujui wimbo utakufikisha wapi. Wapo wanaosema vinanda vile ni vya kizamani sasa. Mimi nasema hakuna aliyewahi kuipa sauti ya Kimande, yaani ya Wamande, jamii ya Afrika Magharibi anakotoka Salif, jukwaa pana namna ile, na ni albamu hiyo iliyomfungulia dunia.

MwalimuMstaafu amejibu:
Namheshimu Santuri_Kongwe, lakini katika hili tunatofautiana. Soro ni kazi ya wapangaji wa muziki kama ilivyo kazi ya mwimbaji, na msikilizaji anayetaka kumsikia Salif mwenyewe anapaswa kuanza na Moffou. Fikirieni alikotoka: Soro na vinanda vyake, Amen iliyotayarishwa na Joe Zawinul wa bendi ya jazi ya Weather Report, Sosie ya 1997 ambamo aliimba nyimbo za watunzi wa Kifaransa kwa kora na balafoni, ala za jadi za Afrika Magharibi, na Papa ya 1999 chini ya mpiga gitaa la roki Vernon Reid, ambamo hata Grace Jones alishiriki. Baada ya safari yote hiyo akavua mavazi ya kuazima, akamwita Kanté Manfila, mpiga gitaa mwenzake wa tangu miaka ya 1970, akaimba juu ya gitaa kavu, ngoni (ala ya nyuzi ya kwao) na sauti za wanawake. Wimbo wa kwanza, Yamore, anaimba pamoja na Cesária Évora wa Cape Verde, na hakuna anayejaribu kumshinda mwenzake. Mtu mzima yeyote anayependa muziki wa dansi ataielewa bila kufafanuliwa.

Bukavu_Ziwani amejibu:
Ninyi nyote wawili mnaanzia katikati ya hadithi. Salif alizaliwa Djoliba mwaka 1949 katika ukoo wa Keita, ukoo wa Sundiata aliyeasisi dola ya Mali katika karne ya 13. Katika mila ya Wamande, mtu wa ukoo huo huimbiwa, haimbi. Kuimba ni kazi ya wajeli, ambao huzaliwa humo na kurithishana. Alitaka ualimu, lakini macho yake dhaifu, ambayo ni sehemu ya ualbino wake, yakamfungia mlango huo, naye akaenda Bamako kuimba mitaani na katika baa. Kwa hiyo yule anayeitwa mwimbaji asiyetulia hakuanza kuhamahama alipofika Paris. Hatua yake ya kwanza ya kuvuka mpaka ilikuwa kufungua kinywa na kuimba.

Mwaka 1970 alikuwa katika Super Rail Band, bendi iliyodhaminiwa na shirika la reli na kupiga katika hoteli ya stesheni ya Bamako. Mwaka 1973 akahamia kwa washindani wao, Les Ambassadeurs, waliokuwa na makao Motel de Bamako, na nafasi aliyoiacha ikashikwa na Mory Kanté. Mwaka 1978 Les Ambassadeurs walihamia Abidjan, na huko wakarekodi Mandjou, wimbo wa karibu dakika 13 ambao kwangu mimi unazidi albamu zote tano za dukani. Ndugu Tanga_Kwetu, muulize muuzaji kama ana chochote cha Les Ambassadeurs. Halafu tuambie huyo msikilizaji ni nani, kwa maana swali la Santuri_Kongwe bado halijajibiwa.

Tanga_Kwetu ameandika:
Asanteni, na niwatimizie maelezo. Zawadi ni ya mjomba wangu, aliyestaafu kazi ya reli Tabora, ambaye ujana wake wote alikuwa mfuasi wa Tabora Jazz. Hana mashine ya kupigia santuri. Ana redio yenye sehemu ya sidii. Soro na Amen ni santuri, hizo nyingine tatu ni sidii. Bei ya santuri moja ni karibu mara mbili ya sidii.

Santuri_Kongwe amejibu:
Basi maelezo hayo yanabadilisha kila kitu, na ndiyo sababu niliuliza mapema. Kumpa mzee santuri asiyoweza kuisikiliza ni kumpa jalada. Lakini Soro ilitoka pia kwa sidii, kwa hiyo ushauri wangu haujafa: nunua moja hapo, subiri, uitafute Soro ya sidii kwingine.

MwalimuMstaafu amejibu:
Mjomba aliyefanya kazi reli, na bendi ya reli ya Bamako! Hapo nakubaliana na Bukavu_Ziwani kuliko nilivyotarajia. Mzee wa rika lake atauelewa mpangilio ule bila maelezo, kwa kuwa hata kwetu bendi zilikuwa za mashirika na taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Bima Lee ya Shirika la Bima, UDA Jazz ya usafiri wa mabasi. Mwanamuziki alikuwa na ajira na vyombo vya mwajiri, na alipotaka kubadili mtindo ilimbidi abadili bendi. Salif alifanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye aliendelea kufanya hivyo hata baada ya kuwa na jina lake mwenyewe juu ya jalada.

SautiYaUsiku amejibu:
Kabla hujatoa fedha, ndugu, sikiliza yaliyonipata. Niliinunua Folon kupitia mtandao kwa muuzaji aliyejitangaza kuwa na nakala halisi tu. Nilikuwa nikiitafuta kwa muda mrefu kwa sababu ndani yake Salif anaurudia Mandjou kwa mpangilio wa Wally Badarou, nami nilitaka kuusikia kando ya ule wa Abidjan, ambao mama yangu alikuwa nao kwenye kaseti. Jalada lilipofika lilikuwa safi, picha iko sawa, majina ya nyimbo yako sawa. Tukaketi sebuleni na mama, nikaiweka. Tekere ulipiga vizuri. Mandjou ulianza vizuri pia, lakini ulipokaribia pale sauti inapopanda, ukakatika ghafla na wimbo mwingine ukaingia, wala haukuwa wa Salif. Kuanzia hapo majina ya nyuma ya jalada na kilichosikika havikulingana hata kidogo, na nyimbo mbili zilikuwa ni moja iliyorudiwa.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu. Kwanza akanijibu kwamba redio yangu ni mbovu. Nikaipiga kwenye redio ya jirani, matokeo yakawa yaleyale. Akasema nimeikwaruza mwenyewe, kana kwamba mkwaruzo huleta mwimbaji mwingine. Mwishowe akaacha kujibu. Nilichokitazama baadaye ni upande wa chini wa sidii: ile ya kunakiliwa nyumbani mara nyingi ina rangi ya kijani au zambarau, na ile ya kiwandani hung'aa kama fedha, na kwenye duara la katikati huwa na namba ambayo aghalabu hulingana na ile ya jalada. Mwambie huyo muuzaji aipige yote mbele yako. Muuzaji mwaminifu hatakataa, hata kama amechoka na anafunga duka.

Tanga_Kwetu ameandika:
Nashukuru sana, dada SautiYaUsiku, na pole kwa yaliyokupata. Nitafanya hivyo. Je, kando ya hatari hiyo, Folon yenyewe unaionaje?

SautiYaUsiku amejibu:
Naipenda kuliko zote, maana niliipata nakala nzuri baadaye. Ina vinanda vya Soro lakini vimetulia, na ina wimbo wa Africa ambao utamfanya mzee ainuke kwenye kiti.

Mlima_na_Bonde amejibu:
Naona La Différence imetajwa na mwenye mada peke yake, na hilo linaniuma. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nilikulia Kanda ya Ziwa katika miaka ambayo habari za mauaji ya watu kama sisi zilifika dunia nzima. Albamu hiyo ilipotoka, wimbo unaobeba jina lake ulikuwa wa kwanza kwangu kumsikia mtu mwenye heshima ya kimataifa akieleza waziwazi kwamba yeye ni mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe, na kwamba tofauti hiyo haina ubaya. Tayari alikuwa ameanzisha taasisi ya kusaidia watu wenye ualbino. Mwaka 2010 albamu hiyo ilipata tuzo ya Victoires de la Musique nchini Ufaransa. Nanyi mnapima vinanda na gitaa kana kwamba maneno hayana uzito.

Santuri_Kongwe amejibu:
Ndugu yangu, uzito wa wimbo huo siupingi hata kidogo, na nakushukuru kwa kutueleza. Ninachosema ni kuhusu albamu nzima, kwa sababu ndicho kinachonunuliwa. Ndani yake amerudia Folon na Seydou, nyimbo zilizokwisha kutoka mwaka 1995, na mimi nazipenda zaidi zilivyokuwa mwanzo. Mtu mwenye fedha ya mbili tu hana haja ya kununua wimbo mmoja mara mbili.

Mlima_na_Bonde amejibu:
Kurudia si udhaifu. Mandjou aliurudia pia, na hapo hamkulalamika. Msikilize Folon wa 1995 kisha wa 2009: wa kwanza unaimbwa na mtu aliyezungukwa na studio, wa pili umeachwa karibu mtupu, na sauti imezeeka kwa namna inayofaa wimbo unaozungumzia zamani. Mtunzi asiyetulia hahami tu kwenda mbele, hurudi pia kukagua alichokiacha.

MwalimuMstaafu amejibu:
Kwa kuwa Mandjou umetajwa na kila mtu, lazima niseme jambo moja. Ni wimbo wa kumsifu Sékou Touré wa Guinea, aliyempa Salif nishani, na wakati wimbo unatungwa wafungwa wa kisiasa walikuwa wakifa katika Kambi ya Boiro huko Conakry. Ninaposikia sauti ile tukufu, furaha yangu haikamiliki.

Bukavu_Ziwani amejibu:
Mwalimu, ni kweli tupu, nami sitaki kumtetea Sékou Touré. Lakini wimbo wa sifa katika utamaduni wa Wamande ni deni linalolipwa kwa aliyekutendea wema, na kijana aliyekataliwa na mila za ukoo wake alikuwa ametambuliwa na mkuu wa nchi. Pia ni Salif huyohuyo aliyeimba Nou Pas Bouger katika albamu ya Ko-Yan ya 1989, akiwasemea wahamiaji waliokuwa wakifukuzwa Ufaransa. Msimamo wake haukuwa mmoja maisha yote, kama muziki wake.

MwalimuMstaafu amejibu:
Deni la shukrani nalielewa. Lakini wale wa Boiro nao walikuwa na watoto waliosikia wimbo huo redioni.

Santuri_Kongwe amejibu:
Na mbona hakuna anayeitetea Amen? Wayne Shorter anapiga saksofoni humo, Santana yumo, na Zawinul aliwaheshimu wapiga vyombo wa Mali badala ya kuwafunika.

MwalimuMstaafu amejibu:
Aliwaheshimu, lakini mpangilio umejaa mno. Masikio yangu humtafuta Salif kama mtu anayemtafuta mwenyeji kwenye harusi ya watu wengi. Afadhali So Kono ya mwaka 2025. Mwaka 2018, alipotoa Un autre blanc, alitangaza kwamba hiyo ndiyo albamu yake ya mwisho, na sasa amerudi na sauti na gitaa karibu peke yake, kazi iliyoanzia katika chumba cha hoteli huko Kyoto, Japani. Ana umri wa zaidi ya miaka 75 na hajawahi kutoa albamu iliyo tupu kiasi hicho.

Mlima_na_Bonde amejibu:
So Kono haimo katika zile tano za dukani, Mwalimu. Tumsaidie mwenzetu.

Tanga_Kwetu ameandika:
Nimewasoma wote kwa makini. Soro nimeiacha kwa sababu ya mashine, ingawa inaniuma baada ya maelezo ya Santuri_Kongwe. Moffou naona inaungwa mkono na sababu nzuri. Kati ya Folon na La Différence bado moyo wangu umegawanyika, hasa baada ya kusoma kwamba nyimbo mbili zimo katika zote. Kesho nitapita dukani kuzikagua namba na kuzisikiliza nzima, na nitauliza kuhusu Les Ambassadeurs.

Bukavu_Ziwani amejibu:
Na umuulize pia kuhusu Ko-Yan, ya sidii. Kama anayo na mjomba wako haihitaji, mimi naitaka, na nauli ya kuituma hadi Bukavu nitailipa.