Wenyeji wa Tukuyu, siku za mvua kama hizi mnazimalizaje ndani?

Mdigo_Baridini
Habari za Jumapili wakuu. Mi mtu wa Tanga nimeletwa huku Tukuyu kikazi, familia bado iko nyumbani, nimepanga chumba na sebule. Sasa leo mvua imeanza usiku haijakata, wingu limeshuka mpaka mlangoni, saa nne asubuhi nimewasha taa kama magharibi. Redio siisikii kwa mvua inavyopiga bati, bando nimeshalimaliza kwa kuangalia vivideo visivyo na kichwa wala miguu, nikilala naamka mchovu kuliko nilivyolala. Kutoka sitaki. Nataka siku ya ndani iwe tamu kidogo, mnafanyaje? Nina jiko la mkaa nafikiria niliingize chumbani nifunge mlango nipate joto.

Nesi_Mstaafu
Mdogo wangu hapo kwenye jiko simama kwanza!!! Usiingize mkaa ndani ukafunga. Watu wanadhani hatari ni moshi, wanasubiri mkaa ushike uwe mwekundu ndo wanauingiza, wakati hewa ya sumu inatoka hata pasipo moshi, haina harufu haina rangi. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na usingizi, unajua ni baridi imekulegeza kumbe ndo unaondoka. Jiko likae kibarazani. Ukitaka joto kitandani jaza maji ya moto kwenye ile chupa ya mpira, yasiwe yanatokota, kaza kifuniko, zungushia kitambaa weka miguuni.

Mdigo_Baridini
Shikamoo mama. Nimekuelewa, limebaki nje.

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu.

Kamwene_Njombe
Kamwene! Tukuyu mnalalamika baridi? Njoo Makete mwezi wa saba uone asubuhi majani yamekuwa meupe kwa barafu 😂😂

Fundi_Ramani
Mleta mada huko uliko mvua ni lazima. Chini yako kuna Ziwa Nyasa, hewa yenye unyevu inapanda mteremko kuelekea mlima Rungwe, ikifika juu inapoa inakuwa wingu na mvua. Kyela wako chini yenu kwa kama mita 1,000 wanatoka jasho. Kwa hiyo usisubiri ikatike ndo uanze kuishi.

Mama_Parachichi
Kaka hao wote wanakupa elimu hawakupi chakula. Siku ya mvua bandika kitu kinachochelewa kuiva, basi. Mi kwangu ni makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage unaloweka usiku, najua hujaloweka, haina shida yatachukua muda zaidi na si ndo unachotaka? Jiko liweke kibarazani upande mvua haipigi, sufuria kubwa, moto wa wastani, we vuta kigoda kaa hapo na shuka lako begani, kila saa unafunua unaongeza maji ya moto, sio ya baridi. Yakishalainika kabisa ndo unaunga kitunguu, nyanya, karoti, halafu karanga za kusaga au tui kama we mtu wa pwani huwezi kuishi bila nazi. Chumvi mwishoni. Pembeni parachichi, hapo Tukuyu usiniambie umekosa parachichi. Magimbi ya kuchoma unaweza kufukia kwenye majivu moto ukipungua. Utashangaa jioni imefika na hukuboreka, mana mtu mwenye chungu jikoni ana kazi, na mtu mwenye kazi hahesabu masaa. Na usipike ya mtu mmoja, majirani wa huku wakisikia harufu wanakuja na mazungumzo yao, mtu akija na bao au karata ndo siku imekwisha hiyo.

Binti_Mwanjelwa
Nakazia ya makande. Ila na chai jamani! Sio kuchovya majani kwenye maji ya moto, chemsha maziwa na majani ya hapohapo Rungwe, tangawizi ya kuponda, iliki, funika itulie. Au tafuta mbegu za kakao zilizokaushwa kutoka Kyela, kaanga taratibu, menya, twanga mpaka itoe mafuta, pika na maziwa na sukari. Kutwanga tu kunakupa joto. Mi mvua ikinifungia nafuma vitambaa vya makochi, mwanaume ukifuma nani atakuona?

Dereva_wa_Uyole
Mi nalala tu. Blanketi zito la mtumba, miguu ndani ya soksi, simu nazima. Mnajisumbua sana.

Kamwene_Njombe
@Dereva_wa_Uyole kasema akilala anaamka mchovu, soma uzi mkuu

Mdigo_Baridini
Ndaga fijo wote (asanteni sana kwa Kinyakyusa), nimeanza kujifunza na lugha 😅. Sufuria ipo jikoni tangu saa sita, maharage yameanza kupasuka mahindi bado yana kiburi. Iliki ninayo, niliibeba kutoka kwetu. Mzee wa nyumba ya pili kaja kuuliza napika nini, kakalia kigoda changu na hanyanyuki, ananihadithia Tukuyu ya zamani.

Mama_Parachichi
Mwache akae, mmiminie chai. Na hayo mahindi yalikobolewa kweli au umenunua ya kawaida?

Mdigo_Baridini
Kuna tofauti?? 😳

Mama_Parachichi
Ongeza mkaa baba, mtakula saa mbili usiku.