Siling ya jipsam: mbao ama chuma?
Wasee naomba ushauri, niko Utawala, Nairobi, namalizia nyumba, mabati iko juu tayari, sasa nataka siling ya kuning'inia ya jipsam. Fundi wa kwanza anasema fremu ya kushikilia bodi za jipsam nitumie mbao za saipresi za inchi mbili kwa mbili, wa pili anasema chuma tu, ati mbao mbichi ikikauka inapinda na jipsam inapasuka kwa maungio. Na kweli kwa nyumba ya kukodi nilikotoka siling ilikuwa nyufa kila mahali, sijui ni mbao ama ufundi mbovu. Halafu huku mchwa ni wengi. Lakini sebuleni nataka feni, hivyo vyuma vyembamba vitaibeba kweli ama ifungwe kwa mbao za paa? Aliyeweka chuma anisaidie, mwishowe ulitumia pesa ngapi?