Hivi kula Wetherspoon Uingereza ni aibu? Mdogo wangu kadharauliwa, naombeni mnieleweshe

MkaziWaKikuyu ameandika:

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu juzi, nikaona nilete hapa maana humu wapo watu walioishi Uingereza na wengine mpo huko mpaka leo. Mdogo wangu wa kike yuko Leicester anasoma masta, na anafanya kazi ya muda kwenye ofisi moja hivi. Siku yake ya kuzaliwa akawaalika wenzake wa ofisini waende Wetherspoon, hiyo ni baa ya chakula na vinywaji yenye matawi mengi huko, alipapenda kwasababu pasafi, bei zimeandikwa, na hela yake inaruhusu kuwanunulia wote kinywaji cha kwanza. Dada mmoja wa hapo kazini akasema mbele za watu kwamba yeye sehemu kama zile haingii, akacheka, basi na wengine wawili wakapata udhuru hapo hapo. Mtoto wa watu kanipigia usiku analia.

Sasa mimi alinitumia picha za huo ukumbi, aisee, dari ndefu, zulia la maua chini, madirisha makubwa ya kizamani, huku Dodoma ukumbi kama ule watu wangelipia sendofu. Ndio maana nashindwa kuelewa. Chakula chao ni kibovu? Kuna vurugu? Au shida sio sehemu bali ni watu wanaokaa pale? Nauliza kwa nia njema kabisa, nataka nimpe jibu la maana maana nimemwambia "achana nao" na najua haijamsaidia.

---

Nzuguni_to_Birmingham amejibu:

Mkuu pole kwa mdogo wako, na mwambie hajakosea chochote. Nimeishi huku muda mrefu, Birmingham na kabla ya hapo London, na hiyo dharau naijua vizuri.

Wetherspoon, watu wanaita Spoons, ilianzishwa na jamaa anaitwa Tim Martin mwaka 1979, baa yake ya kwanza ilikuwa Muswell Hill kaskazini mwa London, leo wana karibu baa 800. Wanachofanya wananunua majengo makubwa yaliyokosa kazi, benki za zamani, kumbi za sinema, makanisa, posta. Pale Tunbridge Wells Spoons yao iko ndani ya jumba la opera lililofunguliwa 1902, ukikaa unaona vile viti vya juu vya ghorofa walikokuwa wanakaa matajiri kusikiliza muziki. Na hilo zulia uliloliona, kila baa ina la kwake lenye michoro yake. Kwa hiyo habari ya jengo baya futa.

Chakula ni cha kawaida, chipsi na samaki, baga, kari, kifungua kinywa. Sio kitamu cha kukufanya uote usiku lakini kinaliwa na unashiba. Kahawa ukilipia kikombe unajazia tena na tena, ndio maana ukiingia asubuhi utakuta wazee wastaafu wamekaa na gazeti, huku nyumbani kupasha joto ni gharama, pale kuna joto na kuna watu. Pembeni utakuta mafundi ujenzi wametoka zamu ya usiku, mama na watoto, wanafunzi kama mdogo wako. Sasa hapo ndipo jibu lako lilipo mkuu. Wanadharau hao waliokaa, ila Muingereza wa tabaka la kati hawezi kukwambia "mimi sitaki kukaa meza moja na fundi bomba", anaona haya, atakwambia pale hapana mvuto, chakula kinapashwa tu, mahali hapana roho. Anasingizia sahani.

Nikupe kipimo. Pret a Manger ni kampuni yenye matawi kila kona, sandwichi ni zile zile, kahawa ile ile, kila tawi linafanana na lingine. Watu wa maofisini waliovaa suti wanaingia kila siku ya Mungu na hakuna anayecheka. Kama shida ingekuwa ni "hizi kampuni za matawi hazina roho", mbona Pret imesalimika? Pret wanakula watu wa ofisi, Greggs, yale maduka ya mikate na vitafunwa vya kuoka vya bei nafuu, na Spoons wanakula watu wa vibarua na wanaoishi kwa msaada wa serikali, basi. Muulize mdogo wako huyo dada mchana anakula wapi.

---

MkaziWaKikuyu amejibu:

Mkuu asante sana. Nimemuuliza. Kasema Pret, karibu kila siku, na kikombe anakirudisha nacho ofisini.

---

MamaLishe_Majengo ameandika:

Mimi Uingereza sijafika wala sina mpango, lakini hii mada imenigusa kwasababu hayo mnayoyasema nayaona kwa macho yangu hapa Dodoma kila siku inayoamka. Napika chakula jirani na soko la Majengo miaka mingi, kabla hata serikali haijahamia. Ile 2016 ilipotangazwa wanahamia kweli nilifurahi, nikasema wateja hao wanakuja, na wamekuja kweli, siwezi kukufuru. Lakini kuna afisa mmoja wa ofisi moja hapa mjini, sitaji, anapenda mlenda wangu na ugali wa uwele kuliko mtu yeyote, mlenda wa kukaushwa ule wa Kigogo wenyewe wenye karanga. Huyu bwana hajawahi kukaa kwenye benchi langu hata mara moja. Anamtuma kijana wa bodaboda na hotpoti. Na hotpoti inakuja imewekwa ndani ya mfuko wa karatasi wa mgahawa mkubwa, ule wenye nembo, ili akipita mapokezi waone ametoka huko.

Siku moja nilipeleka mwenyewe maana kijana alikuwa na safari, nimefika pale mapokezi nimevaa kanga yangu na aproni, akatoka mbio akanipokea mlangoni kwa sauti ya chini, ananiambia mama siku nyingine usiingie, nipigie nitoke. Chakula changu ndio anachokula. Ila kuonekana na mimi ndio hataki. Nililia njiani, sisemi uongo.

Kwa hiyo huyo binti wa Leicester mwambieni mama mmoja wa Majengo anamwelewa.

---

Ally_wa_AreaD amejibu:

Daah mama umenitoa machozi. Hao watu wa hotpoti ndani ya mfuko wa karatasi wapo wengi sana humu mjini, na usiku wanashinda na njaa kwenye sehemu za bei mbaya, chupa moja ya maji anaizungusha masaa matatu ili tu apige picha.

---

Mwalimu_Kondoa ameandika:

Nami nichangie kidogo, nafundisha historia na jambo hili nimelisoma sana kwa kupenda kwangu.

Watu wanasahau hizi kampuni za bei nafuu Uingereza zimefanya kazi gani. Zamani kula nje kwa mtu wa kawaida kulikuwa na hofu, unaingia hotelini hujui bei, hujui uma upi wa nini, mhudumu anakukagua kuanzia viatu. Mwaka 1894 kampuni ya Lyons ikafungua duka la chai pale Piccadilly London, pasafi, bei ndogo na inajulikana, yakaenea mji mzima. Karani wa mshahara mdogo akapata pa kukaa, na mwanamke akaweza kukaa peke yake mchana anywe chai bila mtu kumfikiria vibaya, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa gumu. Baadae 1955 ndugu wawili wa familia ya Berni wakaanza pale Bristol, hao walifanya kitu kimoja cha akili sana, menyu fupi yenye bei moja kamili, stiki, chipsi, njegere, na kitu kitamu cha mwisho, vyote ndani ya bei hiyo. Mfanyakazi wa kiwandani anampeleka mkewe akiwa ameshajua nyumbani kabisa atalipa ngapi. Sijui kama mnaona uzito wa hilo. Kinachomwogopesha mtu wa kipato kidogo mgahawani ni ile bili inayoletwa mwisho, na macho ya watu ikiwa haitoshi, chakula kigeni atakizoea. Hao wakaliondoa hilo. Na wenye nacho wakaanza kuwacheka, wakawacheka kwa stiki yao na keki yao ya chokoleti na cheri miaka na miaka.

Spoons leo ni hivyo hivyo. Unakaa mezani, unafungua programu yao ya simu, namba ya meza, bei unaziona zote, jumla unaiona kabla hujabonyeza, unalipa, chakula kinaletwa. Mwanafunzi mgeni ambaye bado lafudhi yake inamletea shida kaunta, pale anakula kwa amani. Mdogo wako kachagua kwa akili.

Halafu kuna kisa cha 2012. Waziri wa fedha wakati huo, George Osborne, alitaka kuweka VAT ya asilimia 20 kwenye vyakula vya kuoka vinavyouzwa vikiwa vya moto, vikiwemo soseji za kuviringishwa kwenye unga na pasti, ule mkate wa kukunja wenye nyama na viazi ndani, mambo ya Greggs. Greggs yenyewe ni ya kaskazini, mzee John Gregg alianza 1939 kwa kuzungusha mayai na hamira kwa baiskeli maeneo ya Newcastle, duka la kwanza 1951 pale Gosforth. Basi kwenye kamati ya bunge Osborne akaulizwa lini mara ya mwisho amenunua pasti Greggs, akasema hakumbuki. Nchi nzima ikaelewa jibu hilo. Waziri mkuu Cameron akajitokeza kusema yeye pasti anazipenda na ya mwisho anakumbuka aliinunua stesheni ya Leeds, waandishi wakafuatilia wakakuta duka la kampuni aliyoitaja pale limeshafungwa. Mwezi Mei serikali ikarudi nyuma. Yaani kiongozi anajua kabisa kwamba kutokula chakula cha watu ni aibu mbele ya wapiga kura, lakini siku za kawaida wenzake wanaona kukila ndio aibu.

---

Kijana_UDOM ameandika:

Wakubwa shikamooni. Mimi napingana kidogo, naombeni msinikasirikie. Sio kila asiyeenda Spoons anajiona. Huyo Tim Martin alipiga kampeni ya wazi Uingereza itoke Umoja wa Ulaya 2016, mpaka vile vikadi vya kuwekea glasi mezani alichapisha ujumbe wa kampeni, kuna watu tangu hapo wameapa hawampi hela yao. Pia kuna wanaosema baa ndogo za mtaani haziwezi kushindana na bei zake zinafunga, na hao wenye baa ndogo sio matajiri. Sasa na hao tuwaite wenye dharau?

---

Nzuguni_to_Birmingham amejibu:

Marahaba mdogo wangu, na umeongea vizuri. Hapana, hao siwaiti hivyo. Mtu anayekataa kwa sababu ya siasa ya mwenye mali ana haki yake, na mwenye baa ndogo ana kilio cha kweli, huku mitaani nimeona zimefungwa mbao madirishani. Lakini tofauti inasikika kwenye mdomo wa mtu. Anayepinga siasa atakwambia "mimi simpi hela yule bwana, twende kwingine nitakulipia". Huyo dada hakusema hivyo. Alisema "sehemu kama zile", akacheka, mbele ya msichana mgeni anayelipa kwa hela ya vibarua, tena siku ya kuzaliwa. Hapo siasa ya Ulaya imeingiaje?

Na kitu kinachoniuma zaidi ni vile dharau inavyogeuka kuwa fasheni wakitaka wao. 2022 Greggs walishirikiana na Primark wakatoa nguo zenye jina la Greggs, vijana wakazigombania. Kijana wa kishua akivaa fulana ya Greggs anaonekana mchangamfu, mtoto wa mama anayefanya usafi akila Greggs kila siku kwa sababu ndio anachomudu anaonekana hajui kula. Mkate ni ule ule jamani.

---

MkaziWaKikuyu amejibu:

Nimesoma yote na nimemtumia mdogo wangu linki. Waliokuja siku ile walikuwa wanne, mmoja ni mama wa Kipolandi anayefanya usafi hapo ofisini, alimletea keki aliyooka mwenyewe. Huyo mama hakuwa hata kwenye orodha ya kwanza ya wale wengine wakifanya sherehe zao. Mwalimu ile habari ya bei kujulikana kabla nimeielewa sana, maana hata mimi hapa Dodoma kuna sehemu nimekaa miaka siingii kwasababu menyu haiko nje na ukiuliza wanakutazama.

---

MamaLishe_Majengo amejibu:

Hilo la bei mwalimu kasema kweli tupu. Mimi mwanzoni nilikuwa nataja kwa mdomo, nikawa naona vijana wa chuo wanasimama mbali wanachungulia masufuria halafu wanaondoka. Binti yangu akaniambia mama andika. Nikanunua ubao mweusi na chaki nikaandika kila kitu, wali maharage, wali nyama, ugali mlenda, dagaa, chai na chapati. Wiki ile ile walianza kukaa. Kumbe walikuwa na hela, walikuwa wanaogopa kuuliza.

---

Kijana_UDOM amejibu:

Mama mimi ni mmojawapo wa wale wa kuchungulia, sio kwako lakini, kwingine. Uko upande gani wa soko? Na ubao unasemaje sasa hivi, kesho nakuja na wenzangu.

---

MamaLishe_Majengo amejibu:

Karibu mwanangu. Ukitokea upande wa wauza mboga uliza tu mama wa mlenda, watakuonyesha. Wali maharage 2,000, wali nyama 3,000, ugali mlenda 2,000 na ukitaka nyongeza ya mboga haina malipo. Uwele unaisha mapema, ukija baada ya saa nane utakuta wa mahindi. Njooni mkae, benchi nimeongeza.