MKOKO SI BAMIA! Yule bwana wa tamasha la Jumamosi amenitusi mbele ya Mombasa nzima

Topeni_Tudor (mwenye uzi)

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote wasio wa salamu hiyo. Ni saa tisa usiku, sijalala, simu iko asilimia 11. Herufi zikiruka mnisamehe.

Yule bwana mnamjua. Sitaji jina, hakuna asiyemjua: kofia ya ukili, miwani myeusi usiku wa manane, na kila akimaliza ubeti "Mombasa mpoooo?" kama kwamba tulikuwa tumehama.

Bamia. Amesema ni BAMIA.

Ngojeni nianze mwanzo, hasira yanikimbiza.

Wiki mbili nyuma walikuja vijana watatu hadi kwetu Tudor Creek, maji yamekupwa, sisi tumezama topeni hadi magoti. Wana fulana mpya za kijani, zina mikunjo ya dukani bado. Wakasema kuna tamasha la muziki la mabadiliko ya tabianchi, kiingilio kitanunua miche ya mikoko, na wataka mmoja wetu apande jukwaani aseme dakika mbili. Kikundi kikanichagua mimi, maana napanda tangu ile El Niño ya 1997. Siku tisa nimezifanyia mazoezi dakika mbili hizo. Mke wangu akikuna nazi huku amenishikia saa, "umepita kwa sekunde kumi, kata hapo."

Nilikuwa nimejipanga. Niseme mafuta yalivyomwagika Makupa mwaka 1988 yakaua mikoko. Niseme mvua za 1997 zilivyoshusha mchanga Mwache, ukafunika mizizi, miti ikafa imesimama kwa kukosa pumzi. Niseme samaki wetu wadogo wanalelewa wapi. Dakika mbili tu!

Asubuhi ya Jumamosi nikashuka pwani kuchagua mbegu moja ya mkoko. Moja, nzuri. Kijani, imenyooka kama fimbo ya imamu, urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, haina tundu la mdudu. Nikaifunga kwa gazeti bichi isinyauke. Nikavaa kanzu ya Idi.

Langoni wakanipokonya chupa yangu ya bati. Maji yangu ya nyumbani, wakamwaga chini. Ndani maji ni ya chupa za plastiki, shilingi 150. Tamasha la mazingira hilo! Nikanyamaza. Nyuma ya jukwaa jenereta languruma utadhani meli mbili zagombania gati Kilindini. Nikanyamaza pia.

Nikaitwa. Nikapanda. Sijasema hata bismillahi, yule bwana kanipokonya mbegu mkononi, kaiinua juu, kapiga kelele: "Mombasaaa, mzee katuletea BAMIA!"

Watu wakacheka. Maelfu. Nimesikia kicheko mpaka kwenye nyayo.

Basi akaifanya maiki. Akaiimbia. Mwisho akaichomeka kwenye chungu cha maua cha mapambo, kwenye udongo mkavu kama unga, KICHWA CHINI. Ncha juu, kichipukizi ndani. Akapigwa picha arubaini, dole gumba juu. Halafu "asante sana Mzee Bamia, mpigieni makofi," kijana kanishika kiwiko, kanishusha. Dakika zangu mbili zilikwenda kwa wimbo wa kiuno.

Hebu nisikilizeni. Mkoko si mti wa mchezo. Mbegu yake huchipua ingali juu kwa mamake, yaanguka ikiwa tayari mtoto. Ncha yaingia topeni, kichipukizi chatazama mbingu. Ukiugeuza umemzika mtoto hai. Na yeye kauzika hai kwenye taa, watu wanarekodi!

Saa sita usiku binti yangu kapiga kutoka Malindi. "Baba, mbona uko kwenye simu ya kila mtu?" Video imewekewa muziki. BAMIA, BAMIA, BAMIA.

Nataka aniombe radhi. Aniombe mimi, kisha ashuke Tudor kwa miguu yake auombe mkoko.

---

Kibokoni_Juu
Pole sana ami. Nilikuwepo, karibu na spika, sikio la kushoto mpaka sasa lalia kama mbu. Uliposhushwa nilikuona umeshika lile gazeti tupu. Niliumia.

Tuktuk_ya_Mwembe
Shikamoo Mzee Bamia 😂😂😂 Jana nimebeba abiria wanne kutoka huko na wote wanne walikuwa wanaimba bamia mpaka Buxton. Umeshapata wimbo bila kwenda studio.

Mama_Swafia
We Tuktuk huna adabu. Huyo ni mzee wa watu.

Nyota_ya_Mtongwe
Mimi nauliza kwa heshima. Ile mbegu si yafanana na bamia kweli? Kwa mbali?

Topeni_Tudor
HAIFANANI. Bamia ina mbavu, ina vinyoya, ina urefu wa kidole. Mbegu ya mkoko ni laini, ina vidoadoa vya kahawia, na ni ndefu kama mkono! Uliona wapi bamia ya kutoka kiwiko hadi kidole? Ungeipika kwenye karai gani?

Nyota_ya_Mtongwe
Basi mzee, nimeuliza tu.

Mwalimu_Mstaafu_Changamwe
Haya hayakuanza kwetu. Tarehe 7 Julai 2007 Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, na wenzake walifanya matamasha ya tabianchi ya Live Earth siku moja: London, Sydney, Tokyo, Shanghai, Hamburg, Rio de Janeiro, kule New Jersey karibu na New York, na Afrika tukapewa Johannesburg. Istanbul ilikuwemo, ikafutwa kabla ya siku. Na watu walilalamika vilevile. Mwanamuziki Bob Geldof, yeye mwenyewe mwandalizi wa tamasha la Live Aid la 1985, aliuliza ya nini, kila mtu ashajua dunia yapata joto, kama hakuna hatua ya kutangaza jukwaani basi ni muziki tu. Mwimbaji wa kundi la Muse akaliita tamasha la ndege binafsi. Mpiga ngoma wa kundi la Arctic Monkeys akasema taa zao za jukwaa peke yake zala umeme wa nyumba kumi. Lililonigusa mimi ni la Antaktika: kwenye kituo cha Rothera, wanasayansi watano wanaokaa hukohuko kwenye barafu walipiga vyombo wenyewe mbele ya watu 17. Hao waliachiwa maiki. Mzee wetu hakuachiwa.

Tuktuk_ya_Mwembe
Mwalimu, kengele imelia, twaomba kutoka.

Pepo_za_Kusi
Mwalimu kasema kweli. Kiingilio kilikuwa shilingi 500. Nani kahesabu? Nani kapewa miche? Mzee, nyinyi mmepata mche hata mmoja?

Topeni_Tudor
Hata jani. Tumepewa fulana mbili, zote saizi ya mtoto.

Binti_Bamburi
Mimi nitatukanwa lakini nasema. Mwanangu wa miaka tisa alikuja kwa ajili ya yule mwimbaji, karudi akauliza "mama, mkoko ni nini?" Hajawahi kuuliza. Leo twaenda kuutazama. Bila ule muziki angetoka nyumbani? Msimtupie jiwe sana.

Kibokoni_Juu
Angeuliza vilevile kama mzee angepewa dakika zake mbili, dada. Tena angepata jibu palepale.

Binti_Bamburi
Hapo sina neno.

Mvuvi_wa_Jarife
Nyote mwazungumza habari ya jukwaa, hakuna aliyeshuka ufukoni Jumapili alfajiri. Mimi nilishuka kutazama jarife, wavu wangu. Chupa! Chupa za maji za lile tamasha zimepangana kwenye mstari wa maji kama zasubiri matatu. Tumejaza magunia sita mimi na wanangu wawili, na kuna zilizokwenda na maji kabla hatujafika. Kwenye jarife nimepata changu watatu, chupa kumi na moja, na bango la kitambaa lililoandikwa OKOA BAHARI. Nimelikunja, nimefunikia injini.

Mama_Swafia
Subhanallah.

Tuktuk_ya_Mwembe
Hapo hata mimi sicheki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, chupa je?

Shangazi_wa_Majengo
Mwalalamika na mwimbaji wa shilingi 500! Mimi yangu mwaijua? Harusi ya mpwa wangu tumemlipa mwimbaji wa taarabu elfu thelathini, kaja saa nne na nusu, kaimba nyimbo mbili, ya tatu kamwimbia mke wa zamani wa bwana harusi! Kamtaja kwa jina! Bibi harusi kalia wanja umemfika kidevuni. Huyo naye mnamjua, yule wa meno ya dhahabu.

Mama_Swafia
Yule?! Alifanya hivyohivyo kwa dada yangu Kisauni! Na alichukua sahani mbili za biriani za kubeba.

Shangazi_wa_Majengo
Mbili? Kwetu alichukua nne na soda.

Pepo_za_Kusi
Afadhali nyinyi mwala biriani. Mtaani kwetu maji ya mfereji siku ya kumi na mbili hayajatoka, mtungi shilingi 50, na mwenye mkokoteni akikuona una shida asema 70. Sasa ati niende tamasha kuokoa dunia, nimeoga lini?

Nyota_ya_Mtongwe
Sisi 40 kwa mtungi. Hamieni huku.

Topeni_Tudor
Jamani mbona mwatoka kwenye mada? Mimi nimetusiwa. Kausimamisha KICHWA CHINI. Nimekwenda leo asubuhi kumwomba yule mlinzi aniruhusu niutoe kwenye kile chungu, nikakuta chungu kimeondolewa.

Kutoka_Gazi
Mzee wangu, njoo Gazi hapa Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 watunza hekta 117, hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko yauzwa, na pesa zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Hakuna aliyevaa miwani usiku. Wazee wetu watakusikiliza hizo dakika mbili, hata saa mbili. Na tuambie kitu: kule Tudor upande wa mbele kabisa, mawimbi yanapopiga, mwapanda mkoko wenyewe au mlilana, ule wa jamii ya mikoko?

Topeni_Tudor
Mlilana mbele, ndugu yangu. Mkoko nyuma yake. Tuliwahi kuweka mkoko mbele mwaka mmoja, bamvua moja, maji yakijaa sana, ikang'oa yote. Walahi wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana tangu Jumamosi. Nitakuja.

Tuktuk_ya_Mwembe
Nitakupeleka mpaka feri kwa bei ya mzee. Nimekosa, nisamehe.

Topeni_Tudor
Nimekusamehe wewe. Yeye bado.

Shoga_wa_Kongowea
Mie nimeingia nikiona "bamia" nikadhani ni uzi wa mapishi 😭 Lakini kwa vile tuko hapa, nani ajua kupika bamia isitoe ute? Mume wangu hali.

Mama_Swafia
Zioshe nzima, zifute zikauke kabisa, ndipo ukate. Kisha kaanga na ndimu kabla hujatia nyanya.

Shangazi_wa_Majengo
Ndimu mwisho, si mwanzo. Na tui la nazi.

Mama_Swafia
Nazi kwenye bamia? Nani kakufunza?

Shangazi_wa_Majengo
Mamangu, aliyezaliwa Mji wa Kale kabla hujajua sufuria. Bamia bila tui ni supu ya hospitali.

Binti_Bamburi
Nazi kwa bamia ni kawaida kwetu pia. Tia na papa mkavu kidogo.

Mvuvi_wa_Jarife
Papa mkavu ninao. Nilipo panafahamika.

Mwalimu_Mstaafu_Changamwe
Ningependa kurudi kidogo kwenye mada ya awali. Mwaka 2019 kundi la Coldplay lilisema halitazunguka dunia mpaka lipate njia ya kupunguza madhara ya safari zake, na waliporudi barabarani waliweka sakafu inayotoa umeme watu wakicheza, na baiskeli za kukanyaga. Kwa hivyo jenereta lile si lazima.

Pepo_za_Kusi
Mwalimu, hizo baiskeli zaweza kupandisha maji ghorofa ya tatu?

Shoga_wa_Kongowea
Bamia leo sokoni fungu bei gani? Jana niliambiwa 50 na zilikuwa ngumu kama vijiti.

Nyota_ya_Mtongwe
Huku 30, laini. Nikuwekee mafungu mangapi?