Mama yuko Makete na hana friji: insulini na vidonge vya kisukari avipange vipi na kazi za shamba?

Mwana wa Makete (Mbeya mjini) anauliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wenye kisukari na ya wanaowauguza, hasa walioko huku Nyanda za Juu Kusini. Mama yangu ana umri wa miaka 67 na anaishi Makete, upande wa uwanda wa Kitulo, nami nafanya kazi Mbeya mjini. Ametumia vidonge vya metformini kwa miaka mingi, na mwaka huu kliniki imemwongezea insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 yenye rangi ya maziwa, adunge asubuhi na jioni. Kudunga kwenyewe hakumsumbui, kwa kuwa alifundishwa vizuri na macho yake bado yanaona mistari ya bomba la sindano. Kinachotushinda ni kuyaoanisha masharti ya dawa na maisha yake ya kijijini.

Kwanza, nyumba yake haina umeme. Chupa ya insulini anaiweka dirishani kwa sababu ndipo penye ubaridi, lakini mnajua baridi ya mwezi wa saba kule, umande hugeuka barafu kwenye majani. Jirani anamshauri anunue chungu na kukijaza mchanga wenye maji. Pili, hudunga saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kutoka, kisha huenda kulima viazi, na chai anainywa saa nne huko huko shambani. Tayari amewahi kutetemeka na kulowa jasho akiwa ameshika jembe. Tatu, akirudi amechoka na akala kidogo, sindano ya jioni haidungi, akihofia sukari isije ikamshuka usingizini, maana analala na mjukuu mdogo tu. Sipendi kumgombeza kwa hofu ambayo ina msingi. Nyinyi mnaoishi na dawa hizi mnafanyaje?

Mama wa Mafinga anajibu:

Pole kwa kumuuguza mzazi ukiwa mbali, na umfikishie shikamoo yangu. Mimi nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa msichana, kwa hiyo insulini ndiyo maisha yangu, na baridi ya Mufindi ninaijua.

Nianze na lile la asubuhi, kwa kuwa ndilo la hatari zaidi. Insulini anayotumia mama ina sehemu inayoanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, ndiyo maana huambiwa adunge dakika 30 kabla ya kula. Akidunga saa kumi na mbili na kula saa nne, dawa imeshuka mwilini saa nyingi ikikuta tumbo tupu, na jembe nalo linatumia sukari ileile. Mimi sidungi mpaka nimeona kwa macho yangu kwamba uji umeinjikwa jikoni na moto unawaka. Chakula kikichelewa, sindano nayo inachelewa. Kwa mama, naona njia nyepesi ni kubandika uji au viazi vyake mapema, adunge, ale ashibe ndipo atoke, na ile chai ya saa nne ibaki kuwa chakula kidogo cha katikati. Akiona hawezi kabisa kula alfajiri, basi awaeleze kliniki hivyo hivyo wampangie upya, kuliko kuendelea na ratiba isiyolingana na maisha yake.

Jambo jingine ambalo wengi hatuambiwi: siku ya kulima adunge tumboni, asidunge pajani wala mkononi. Kiungo kinachofanya kazi kwa nguvu hupata damu nyingi na dawa huchukuliwa upesi kuliko ilivyokusudiwa. Hata huko tumboni abadilishe sehemu, kwa sababu ukidunga mahali pamoja panatokea uvimbe mgumu, na insulini inayoingia hapo hufanya kazi kwa kubahatisha, leo nyingi, kesho kidogo.

Mfukoni asikose sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, aache jembe palepale, akoroge vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji anywe, akae dakika 15 ndipo ajipime tena. Ikiwa sukari bado iko chini ya 4 (mmol/L), arudie. Ikipanda, ale chakula cha kawaida, kwa kuwa sukari ya maji haikai. Na wale wanaolima naye wajue dalili hizi, kwa maana mtu ambaye sukari imeshuka sana mara nyingi hukataa kusaidiwa na huonekana kama amelewa. Akipoteza fahamu wasimtie kitu kinywani. Wamlaze ubavu na kumkimbiza kituo cha afya.

Kuhusu dirisha: aiondoe chupa hiyo pale leo! Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kurudi kuonekana nzuri. Kwetu huku tumezoea kuonywa juu ya joto tu, maana maelezo mengi yanaandikwa kwa kuwafikiria watu wa Dar es Salaam au Dodoma, kumbe kwa Makete, Njombe na Kitulo barafu ya usiku ni adui wa kweli. Mimi ninaizungushia kitambaa cha sufu, naiweka ndani ya kopo, na kopo linakaa kabatini kwenye ukuta wa katikati ya nyumba, mbali na dirisha na mbali na mafiga.

Mfamasia, Mbeya, anajibu:

Ndugu muuliza swali, dada wa Mafinga amesema yaliyo sahihi, nami nitaongeza machache ya upande wa dawa zenyewe.

Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa mama yako njia bora ni kuomba zahanati au kituo cha afya chenye jokofu la chanjo kimtunzie, achukue moja moja. Vituo vingi hukubali ukieleza vizuri. Chupa iliyofunguliwa hukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, ilimradi joto lisizidi lile lililoandikwa kwenye karatasi yake, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 25 au 30. Makete haifiki huko. Aandike kwa kalamu tarehe aliyoifungua juu ya lebo, na wiki nne zikiisha aitupe hata kama dawa imebaki. Kabla ya kuvuta dozi, aiviringishe polepole katikati ya viganja hadi weupe uenee sawasawa, bila kuitikisa kwa nguvu. Akiona mabonge, punje au utando uliogandamana kwenye kuta za chupa, asiitumie.

Mwangalieni pia bomba. Insulini yetu ina yuniti 100 katika kila mililita, lakini mabomba hutofautiana: kwa kawaida kwenye bomba la yuniti 50 kila mstari ni yuniti 1, na kwenye bomba la yuniti 100 kila mstari ni yuniti 2. Duka likiishiwa na moja na kumpa jingine, mtu anayehesabu mistari kwa mazoea anaweza kudunga mara mbili ya dozi yake au nusu yake. Mwambieni mama asome namba, asihesabu mistari.

Sasa jioni. Hofu yake ina sababu, kwa kuwa ile sehemu ya pili ya insulini ya mchanganyiko, inayofanya kazi polepole, hufikia kilele kati ya saa 4 na saa 12 baada ya kudungwa, yaani katikati ya usiku. Hata hivyo, kuiacha kabisa kunamwamsha na sukari ya juu, kisha kliniki ikiona namba za asubuhi inaweza kumwongezea dozi kwa kudhani kwamba anadunga, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi, siku atakapoidunga yote. Kwa hiyo asifiche. Aandike kwenye daftari siku alizoacha na sababu yake, ajipime kabla ya kulala, na usiku mmoja mmoja mtu amwamshe saa tisa ajipime. Daktari akiziona namba hizo anaweza kupunguza dozi ya jioni au kubadilisha aina ya insulini. Kupunguza si jambo la kujifanyia nyumbani, lakini ni jambo la kuomba bila aibu, na kwa umri wake watamwelewa.

Metformini aimeze akiwa anakula au mara tu baada ya kula, la sivyo tumbo litamsumbua. Akisahau, asimeze dozi mbili kwa pamoja. Akiharisha au kutapika hata kushindwa kunywa maji, metformini isimamishwe kwa muda kwa sababu ya figo, lakini insulini asiiache yote kwa kisingizio kwamba hajala. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Hapo aende kituoni siku hiyo hiyo.

Mwisho, kila anapopewa dawa nyingine ataje kisukari chake, na kliniki ya kisukari ielezwe dawa zake zote. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya mkoa wetu na mikoa jirani ya Njombe na Iringa, ambako watu wengi wanatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dolutegraviri, ambayo imo kwenye kidonge kinachotumiwa na wengi sasa, huongeza metformini katika damu, na kwa anayezitumia zote mbili, kwa kawaida jumla ya metformini kwa siku haipaswi kuzidi miligramu 1000. Rifampisini ya kifua kikuu nayo hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya kisukari. Nimeona wagonjwa wanaohudhuria kliniki mbili zenye madaftari mawili, na kila upande haujui mwingine unatoa nini. Mgonjwa abebe madaftari yote mawili, na kama anaona haya kusema kwa sauti, ayaweke tu mezani.

Mkulima wa Tukuyu anajibu:

Mimi ni mtu wa vidonge, sijafika kwenye sindano. Natumia metformini, na zamani nilikuwa natumia glibenklamidi, ile ambayo wengi wanaiita Daonil. Nilipovuka miaka 60 daktari aliniondolea hiyo akanipa gliklazidi, akinieleza kwamba glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na kwa wazee hushusha sukari vibaya. Kama kuna wazee wanaosoma hapa na bado wanaimeza, waulize kliniki.

Katika yote niliyosoma, lililo gumu kwangu ni msiba. Shamba ni langu, nitakula ninapotaka. Msibani unakula pale chakula kinapoiva, na pengine ni saa kumi alasiri, nawe uliondoka nyumbani alfajiri. Ninachofanya ni kubeba ndizi mbili za kuchemsha na vidonge vyangu, na kidonge cha gliklazidi sikimezi mpaka sahani iko mbele yangu. Metformini naweza kuivumilia ikichelewa. Hicho kingine, kukimeza bila chakula ni kujitafutia kuanguka mbele ya watu.

Na ulanzi, kwa ndugu zetu wa Iringa na Njombe: una sukari unapoanza kunywa, lakini pombe huzuia ini kutoa sukari, na saa kadhaa baadaye mtu anaweza kushuka akiwa usingizini, nao waliomzunguka wanadhani amelala kwa ulevi.

Pale dada wa Mafinga aliposema wote shambani wajue, mimi sikubaliani naye sana. Kijijini maneno hutembea. Mmoja aliye makini anatosha.

Mama wa Mafinga:

Baba, shikamoo. Ninauheshimu uzoefu wako, lakini huyo mmoja akiwa hayupo siku hiyo itakuwaje? Kwa mwenye sindano hatari huja kwa dakika chache. Angalau wawili, pamoja na huyo mjukuu, maana mtoto wa shule anaweza kabisa kufundishwa kukoroga sukari na kumwita jirani.

Mwana wa Makete:

Nawashukuru mno. Nimempigia mama simu na chupa imeondolewa dirishani. Kwa kuwa hatujui kama iliganda, ataomba mpya anapokwenda kliniki na ile ya zamani ataionyesha. Mjukuu ameanza kufundishwa habari ya sukari na maji. Nina maswali mawili yaliyobaki: kile chungu cha mchanga anunue au asinunue, na sindano zilizotumika azitupe wapi? Kwa sasa anazitumbukiza chooni. Zaidi ya hayo, mashine yake ya kupimia alfajiri huandika alama ya hitilafu badala ya namba.

Mfamasia, Mbeya:

Chungu hupoza kwa maji kukauka, kwa hiyo kinawafaa watu wa Usangu na Pawaga kwenye joto kavu. Makete hakihitajiki, na Tukuyu kwenye mvua nyingi hakifanyi kazi vizuri. Abaki na kopo na sufu. Akija kukutembelea au akisafiri kwenda Dar es Salaam, insulini akae nayo mkononi ndani ya basi na wala isiwekwe kwenye buti, kwa sababu mkishuka Kitonga joto hubadilika kabisa.

Mashine nyingi hazipimi chini ya nyuzi 10 hivi. Ailaze na vijiti vyake ndani ya koti kwa muda kabla ya kupima, na anawe mikono kwa maji ya vuguvugu, maana vidole vya baridi pia havitoi damu ya kutosha.

Sindano aziweke kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko, likijaa robo tatu alifunge na kulipeleka kituoni siku anayofuata insulini. Chooni zinamsubiri atakayekuja kukizibua, na shambani zinasubiri mguu wa mtoto.