Bulwark: niandike ngome, boma au nini?

Wakuu, naombeni ushauri. Natafsiri makala ya vita vya zamani Ulaya, nimekwama kwenye neno la Kiingereza bulwark (tuta au ukuta wa kujikinga na adui). Kumbe asili yake ni Kiholanzi na Kijerumani cha zama za kati: neno la gogo au ubao mnene, likaunganishwa na neno la kazi. Yaani ukuta wa magogo! Wafaransa wakalichukua likawa boulevard. Paris ilipobomoa kuta zake karne ya 17, barabara pana zilizochukua nafasi yake zikarithi jina. Na mimi nilijua boulevard ni ya kupunga upepo tu.

Sasa, "ngome" naona ni jengo zima, wakati hili ni tuta au ukuta wa kukinga. "Boma" linanivutia kwa yale magogo, ila msomaji si ataona ng'ombe? Nyie mngeandikaje?