Mrejesho: gego la binti yangu limeng'olewa
Wapendwa, niliuliza kama gego la kwanza la kudumu la chini la binti yangu wa miaka 9, lililoota likiwa laini, la njano, na kumegekamegeka, lizibwe au ling'olewe. Tumeling'oa wiki iliyopita. Daktari alituonyesha kwenye eksirei: gego la pili, linalofuata nyuma yake, bado limo ndani ya mfupa, mizizi yake ndiyo kwanza inaanza kugawanyika, na chipukizi la gego la mwisho, la nyuma kabisa, linaonekana. Hapo ndipo la pili huwa na nafasi nzuri ya kusogea na kuziba pengo, mara nyingi kati ya miaka 8 na 10. Gego la juu linalokutana na lile lililong'olewa limeachwa, ni zima. Niliogopa mno, jamani. Jana kapiga mswaki upande ule bila kulia.